Chokoleti Jikoni, Upepo Ziwani

Dorotea Chenge alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyemwonea wivu: aliweza kuliona baya likiwa bado liko mbali, na mara nyingi likiwa halipo kabisa. Mvua ikianza kunyesha Bwiru, mtaa wake jijini Mwanza, yeye alishaliona lile jiwe kubwa la mlimani likiporomoka juu ya bati lake, ingawa jiwe hilo lilikuwa limekaa palepale tangu babu zake hawajazaliwa. Simu ikilia alfajiri, kabla hajasema haloo alikuwa ameshazika watu wawili. Mumewe Mashimba, fundi wa magari, mtu mpole asiye na haraka, alikuwa amezoea.

"Mama Precious," humwambia, "shida ina miguu yake. Iache ije yenyewe, usiende kuipokea njiani."

Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na moyo ni kitu kingine. Mchana kutwa Dorotea alishona sare za shule kwenye kibaraza kimoja karibu na soko la Mlango Mmoja, na wateja walimpenda kwa sababu ya hofu yake hiyohiyo: alipima mara tatu kabla ya kukata, akashona vifungo kana kwamba mtoto anakwenda vitani. Hofu ilimpa riziki. Kitu ambacho haikumpa ni usingizi.

Na katika hofu zake zote hakuna iliyoizidi hofu ya maji. Alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, mahali ambapo kuogopa ziwa ni sawa na kuogopa barabara ya nyumbani kwenu. Alipokuwa darasa la tatu alipanda boti na mama yake kuja Mwanza, upepo ukawakuta katikati, na watu wakayachota maji ya botini na kuyamwaga nje kwa sufuria na kwa viatu hadi wakafika kwenye kisiwa cha mawe wakiwa wazima wote. Hakufa mtu. Hakupotea hata kuku. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama Pius kwa jina la kaka mkubwa wa Dorotea, huisimulia safari ile akicheka mpaka machozi. Dorotea hajawahi kuicheka. Tangu aolewe mjini, kila alipokwenda kwao alizunguka kwa gari mpaka Bunda na Kisorya, akavuka kile kipande kifupi cha maji kwa kivuko huku amefumba macho, akafika Nansio amechakaa wakati waliopanda meli walishakula na kulala.

Sasa binti yake wa pekee, Precious, alipata mchumba, na mchumba akatoka wapi? Nansio. Jina lake Jonathan, mwalimu wa sekondari, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu. Siku ya kumvisha binti pete ikapangwa iwe Jumamosi, nyumbani pale Bwiru, na ndugu wa Jonathan waje na meli ya asubuhi. Dorotea akaanza kuhangaika tangu siku hiyo ilipotajwa. Na kama hilo halitoshi, Precious akaja na lake.

"Mama, mimi keki ya ghorofa siitaki. Nataka ile chokoleti inayomwagika."

"Inamwagika wapi?"

"Kwenye mnara. Niliiona kwenye sherehe ya rafiki yangu kazini. Inapanda juu, inashuka kama maporomoko, watu wanachovya matunda. Mama, kitu kimoja tu hicho."

Precious hakuwa mtoto wa kudai vitu. Dorotea akakubali, kisha akalala macho.

Aliyekuwa na mnara huo alikuwa jirani yao Zakia, mpambaji wa maharusi, mwanamke mcheshi ambaye familia yake imefanya biashara mjini Mwanza tangu enzi za wazee. Zakia aliapa kuja kuusimamia mwenyewe. Ijumaa mchana akaja kweli, lakini amejitanda kanga ya safari, na mnara ameukumbatia ndani ya boksi.

"Shoga yangu, nisamehe. Shemeji yangu amefariki Geita. Gari linanisubiri hapo nje. Itabidi uifanye mwenyewe."

Dorotea alimpa pole ya msiba, na aliitoa kwa moyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile boksi.

"Mimi? Zakia, mimi hata uji huniungulia."

"Sikiliza. Chokoleti ina adui mmoja tu, maji. Tone moja likiingia inagoma, inakuwa chengachenga, huisogezi. Kwa hiyo bakuli kavu, mwiko mkavu, mikono mikavu. Unaweka bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto, lakini bakuli lisiguse yale maji. Moto uwe wa huruma. Ikishayeyuka, unatia mafuta ya alizeti kidogo kidogo, unakoroga, mpaka ukiinua mwiko itiririke kama uzi. Ikidondoka kama tope bado nzito, haitapanda mnara. Ikiwa tayari unaimimina, unawasha, basi."

"Na ikigoma?"

"Haitagoma."

"Nakuuliza ikigoma, Zakia."

Zakia alimtazama, akacheka kidogo licha ya msiba wake. "Utanipigia."

Jumamosi kulipambazuka na upepo. Haukuwa mkali, lakini ulitoka upande wa ziwa, na Dorotea aliusikia ukipekua mabati kabla hajatoka kitandani. Alifungua dirisha. Maji yaliyoonekana kule chini, kati ya mapaa na mawe, yalikuwa ya rangi ya risasi. Akajiambia kwamba wageni wanakuja na meli, meli ni kubwa, meli ina nahodha. Akarudia maneno hayo alipokuwa akipiga mswaki.

Mashimba aliondoka mapema na gari la kuazima ili akawapokee wageni bandarini. Precious na mashoga zake walikuwa uani wakifunga vitambaa vyeupe kwenye viti. Dorotea akajifungia jikoni. Alifuta bakuli mara nne. Akafuta mwiko. Taulo za jikoni, kwa kuwa zilikaa usiku kucha penye ubaridi, alizipiga pasi moja moja hadi zikatoa harufu ya moto, ndipo akaamini kwamba zimekauka. Akavunjavunja vipande vya chokoleti ya kupikia, vyeusi na vizito kama matofali madogo, akavipanga kwenye bakuli, akaliweka bakuli juu ya sufuria, akawasha jiko la gesi kwa moto mdogo kabisa.

Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu pembe za vipande zikaanza kung'aa, kama mtu anayetoka jasho, na vikaanza kulala kimoja juu ya kingine. Harufu ikajaa jikoni. Dorotea akakoroga polepole huku amebana pumzi ili hata mvuke wa mdomo wake usiingie.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Precious, simu mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejitahidi kuwa na uso wa kawaida.

"Mama, Jonathan amepiga."

"Wamefika?"

"Meli imewaacha."

Mwiko ukasimama. "Imewaachaje?"

"Walishakuwa bandarini Nansio, halafu Bibi akarudi nyumbani kuchukua kitenge chake kipya. Wakamsubiri."

"Bibi? Bibi yupi?"

"Mama yako. Aliamua kuja. Walitaka akushtukize tu, ufurahi."

Mama yake alikuwa na zaidi ya miaka sabini na goti moja bovu. "Sawa," Dorotea alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Basi wazunguke Bunda. Tutawasubiri, hata wakifika jioni."

"Walisema watachelewa mno. Wamepata boti ya injini." Binti akaangalia chini. "Wameshaondoka, Mama. Ameniambia wakiwa ndani ya maji tayari. Halafu simu ikakatika."

Nje, upepo ukainua kitambaa kimoja cheupe kutoka kwenye kiti na kukibandika ukutani.

Hakuna awezaye kusema Dorotea alipiga kelele. Alirudi kukoroga. Kama angeacha, chokoleti ingeungua, na kama chokoleti ingeungua, basi na mengine yote yangeharibika. Ndivyo kichwa chake kilivyokuwa kikipanga mambo asubuhi ile. Alikoroga kuelekea kulia, akamwomba Mungu. Akakoroga kuelekea kushoto, akampigia Jonathan kwa mkono mwingine. Simu unayopiga haipatikani. Akampigia mama yake, ingawa alijua simu ya mama yake hukaa kwenye mkoba wa nguo, imezimwa, ili isiishe chaji. Haipatikani. Akampigia Mashimba.

"Nimeshaambiwa," Mashimba alisema. "Boti hizo hushushia mwalo wa Kirumba, ufukweni pale penye soko la samaki. Nipo njiani kuelekea huko. Tulia, Mama Precious."

"Upepo unauona?"

"Nauona."

Jibu hilo halikumtuliza. Mashimba wa siku zote angesema, upepo gani?

Chokoleti ilikuwa imeyeyuka yote sasa, nyororo, inang'aa kama kioo cha usiku. Alitia mafuta kijiko kimoja, akakoroga. Akatia kingine. Alipoinua mwiko ilishuka ikiwa nzito, ikidondoka. Akatia tena. Mikono yake ilifanya kazi sawasawa kama inavyofanya kwenye cherehani, lakini macho yalikuwa dirishani. Wingu lilikuwa limeshuka hadi vilima vya ng'ambo havionekani. Matone ya kwanza yakagonga bati, machache, makubwa, kisha mvua ikamwagika yote kwa pamoja, na uani mashoga wa Precious wakakimbia huku na huku na viti vichwani.

Mwiko ulipoinuka safari hii, chokoleti ilitiririka kama uzi, bila kukatika, vilevile alivyosema Zakia. Dorotea aliitazama. Ilikuwa tayari, na yeye hakusikia furaha yoyote.

Hapo ndipo alipoingia Winnie, dada yake Mashimba, ameloa, sinia la mandazi limefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Winnie alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake ulitangulia akili yake daima.

"Wifi, mvua gani hii! Na mmesikia? Bodaboda aliyenileta anasema kuna boti imepinduka huko ziwani, sasa hivi, watu wamejaa Kirumba wanaangalia."

Precious, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa viganja viwili. Winnie akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nini? Nimesema nini?"

Dorotea alizima jiko. Akachukua mfuniko wa sufuria, akafunika bakuli la chokoleti kwa uangalifu ili vumbi lisiingie, akatoka. Hakubadilisha nguo. Hakuchukua mwavuli. Alipanda bodaboda ya kwanza aliyoiona barabarani akiwa na aproni yenye madoa meusi kifuani, na dereva alipomuuliza bei iwe kiasi gani kwa mvua hii, alimjibu neno moja tu: "Kirumba."

Mwaloni mvua ilikuwa imepungua lakini ziwa lilikuwa limechafuka. Mawimbi yalipanda mchanga, yakirudi na majani na mabua na chupa tupu. Korongo walikuwa wamejikunyata juu ya mapaa ya mabanda ya samaki kama wazee waliofiwa. Watu walikuwepo kweli, wamesimama makundi makundi, wanatazama maji. Dorotea alijipenyeza akimtafuta Mashimba, na alipomwona moyo wake ulizidi kuzama, kwa sababu Mashimba, mtu asiyeharakisha jambo, alikuwa akitembea pembezoni mwa maji, anakwenda, anageuka, anarudi, shati lake la sherehe limemgandia mgongoni, simu ameikamata kama mtu aliyekamata nyundo.

Walipotazamana hakuna aliyemwambia mwenzake atulie.

"Wanasema imepinduka," Dorotea alisema.

"Nimeuliza watu. Kila mmoja ana lake."

Dorotea alimshika mkono. Wakaenda pamoja kwa mwanamke mmoja mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akizifunika bidhaa zake kwa turubai. Alionekana mtu wa pale, mtu ambaye habari humjia bila kuzitafuta.

"Mama, samahani," Mashimba alisema. "Hiyo boti iliyopinduka, ilikuwa ya abiria?"

"Boti gani ya abiria? Ni mtumbwi wa dagaa wa jirani yangu. Ulikuwa umefungwa hapo, upepo umekata kamba. Ulikuwa mtupu, hata paka hakuwemo." Aliwatazama vizuri. "Mna mtu majini?"

"Wametoka Nansio asubuhi," Dorotea alisema. "Mama yangu yumo."

Mwanamke yule hakusema Mungu ni mwema, wala hakusema watafika. Aliinua pembe ya turubai akawasogezea ndoo iliyopinduliwa. "Kaa hapo, dada. Huwezi kusubiri umesimama."

Wakasubiri. Kusubiri kwa ziwani si kama kusubiri kwa barabarani. Barabarani mtu husikiliza mlio wa gari. Ziwani unatazama sehemu ileile hadi macho yanaanza kukutengenezea vitu: kila povu likawa kitambaa, kila gogo likawa kichwa. Dorotea alimwona mama yake mara nyingi asubuhi ile. Alimwona na kitenge kile kipya ambacho hata hakukijua rangi yake. Alimkasirikia kwa ajili ya kitenge hicho, akamkasirikia Jonathan, akamkasirikia Precious na mnara wake, kisha hasira ikaisha, akabaki kutazama maji. Mashimba alikuwa amesimama nyuma yake akimkinga mvua kwa mwili wake, na mara kwa mara alibonyeza simu, akaisikiliza, akaishusha.

Simu ya Dorotea ikaita ndani ya mfuko wa aproni. Namba ngeni. Aliitazama tu. Kidole chake hakikutaka kubonyeza. Mashimba ndiye aliyeichukua, akaibonyeza, akaiweka sikioni mwa mkewe.

"Dorotea?" ilisema sauti ya mama yake, kwa kelele, kama kawaida yake, kana kwamba simu ni bomba. "Mnapika nini huko?"

Dorotea aliikamata simu kwa mikono miwili.

"Haloo! Nauliza mnapika nini? Sisi njaa inatuuma. Tuko Kayenze hapa. Nahodha ameona upepo akasema mimi siendi mbele, akatushusha. Mtu mwenye akili. Simu ya huyu kijana imelowa, hii tumeazima kwa mwenye hoteli. Tumepata gari, tunakuja. Mbona husemi?"

"Mama, shikamoo," alisema Dorotea, kwa sababu ndilo neno pekee lililopatikana.

"Marahaba. Unalia nini sasa?"

Walirudi nyumbani, wipa za gari zikifuta kioo. Njiani Mashimba alisimamisha gari pembeni, akashuka, akasimama amegeukia mlimani kwa muda, kisha akarudi na kuendelea kuendesha.

Nyumbani Precious alikuwa ameketi kwenye ngazi na nywele zake zilizosukwa vizuri zimefunikwa mfuko. Alishapigiwa. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu, wakakaa hivyo mpaka Winnie, aliyekuwa amelia kuliko wote kwa majuto ya mdomo wake, akawakumbusha kwamba mvua imekatika na wageni wa mjini wameanza kufika.

Basi Dorotea akaingia jikoni akafunua bakuli.

Chini ya mfuniko matone ya maji yalikuwa yamening'inia, mengi, yamejipanga, na wakati anatazama, moja likadondoka. Chokoleti iliyokuwa iking'aa kama kioo ilikuwa imegeuka chengachenga, imekufa rangi, inafanana na saruji iliyoachwa mvuani. Alitia mwiko. Mwiko ukasimama wima wenyewe.

Yeye aliyepiga pasi taulo! Ameiacha ya moto akaifunika kwa mkono wake mwenyewe, na mvuke wa sufuria ukafanya kazi yake.

Mtu angedhani baada ya asubuhi ile Dorotea angecheka tu na kuimwaga. Mama yake yu hai, mkwe wake yu hai, chokoleti ni nini? Hata yeye alijiambia hivyo. Lakini moyo wenye mazoea ya kuhofu haukai mtupu. Jambo kubwa likitoka, dogo huingia na kuvimba hadi lijaze nafasi ile ile. Aliona aibu kwa kujali, na alijali. Akampigia Zakia.

"Umefunika!" Zakia alisema kwa sauti ya chini, kwani alikuwa matangani. "Masikini. Sawa, usilie. Usiongeze moto. Chemsha maziwa, utie ya moto sana, kijiko kimoja kimoja, ukoroge kwa nguvu. Mwanzo itazidi kuwa mbaya. Usiogope, endelea. Itarudi."

"Itapanda mnara?"

"Hapo sasa sikuahidi. Inaweza kupanda, inaweza kununa."

Alichemsha maziwa. Kijiko cha kwanza kiliifanya iwe mbaya zaidi, kama alivyoambiwa, na cha pili pia, na Dorotea akaendelea kukoroga huku mkono unauma na midomo inatembea bila sauti. Precious akamshikia bakuli. Ilichukua muda mrefu. Kisha, bila kutoa dalili, ile saruji ikalegea, ikaanza kuteleza pembeni mwa bakuli, ikang'aa. Si ule mng'ao wa kioo. Ulikuwa wa kawaida, wa hudhurungi, kama uji mzito wa ulezi. Lakini ilikuwa laini.

"Mama, nzuri hiyo," Precious alisema akilamba kidole.

"Usiseme bado."

Gari likapiga honi. Wageni wa Nansio walishuka na viatu vyenye tope na nguo zilizokunjamana, na mwisho wao akateremka Mama Pius, mdogo, mkavu, amejifunga kitenge cha njano chenye ndege, goti analivuta. Dorotea alikuwa amepanga kumgombeza. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha sebuleni, akamvua viatu, akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu kana kwamba ni mtoto. Miguu ilikuwa ya baridi sana. Mama yake alimwacha afanye, na jambo hilo lenyewe likamtia Dorotea wasiwasi, kwani Mama Pius si mtu wa kukubali kuoshwa.

Pete ilivishwa alasiri, jua limetoka na majani yote yanameremeta. Jonathan alipopiga goti alipigia kwenye dimbwi, suruali ikalowa, watu wakapiga vigelegele vya kupasua masikio. Kisha wote wakageukia meza ya pembeni ambapo mnara ulikuwa unangoja, umezungukwa na mananasi, ndizi, mapapai na mandazi madogo ya Winnie, na vijiti vya mishikaki vimelazwa kando. Dorotea alimimina chokoleti kwenye kitako, akavuta pumzi, akabonyeza.

Mashine ikanguruma. Haikutoka kitu. Ikanguruma tena, ikakohoa, na kule juu pakatokea kidonge kimoja cha chokoleti, kikakaa hapo kama kofia. Watu wakasogea. Kidonge kikatikisika, kikaanguka, na nyuma yake chokoleti ikaanza kushuka, lakini upande mmoja tu, kama mfereji wa bati lililopinda, upande wa pili ukabaki mkavu kabisa. Mashimba aliinama akaangalia meza, akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu mmoja wa meza hiyo. Chokoleti ikazunguka kidogo zaidi. Haikufika pande zote hata siku ile ilipokwisha, na kila baada ya muda mashine ilirusha tone, likamtia babake Jonathan doa kwenye kola. Hakuna aliyeonekana kujali. Walichovya, wakala, wakalamba vidole, na watoto wa jirani wakasimama upande ule unaotiririka kama ng'ombe kwenye josho.

"Hii chokoreti ni ya kunywa au ya kutazama?" Mama Pius aliuliza alipoletewa kipande cha nanasi. Alikila, akatafakari. "Ingekuwa na chumvi kidogo." Kisha akasema amechoka, angependa kujinyoosha.

Dorotea akampeleka chumbani, akamfunika shuka. Bibi yule akaushika mkono wake akiwa ameshafumba macho.

"Leo niliogopa, mwanangu," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya simu wala ya mzaha. "Usimwambie Precious."

Dorotea alingoja aendelee, lakini alikuwa ameshalala. Akabaki amesimama kando ya kitanda. Shuka lilipanda, likashuka. Kulikuwa na kitambo kirefu kabla halijapanda tena, na Dorotea akainama karibu, akasikiliza, hadi likapanda.

"Mama!" Precious aliita kutoka nje, akicheka. "Mnara umegoma tena!"

"Nakuja," Dorotea alisema. Lakini hakuondoka mara moja. Alihesabu pumzi nyingine chache, kisha akauacha mlango wazi nusu, akaenda.